Wadonato na Wakatoliki wa Afrika Kaskazini: Damu Iliyoanzia kwenye Vitabu Vilivyokabidhiwa Mwaka 303

Mleta mada:

Wanajukwaa, salaam. Katika mijadala ya historia ya Kanisa hapa jukwaani husemwa mara kwa mara kwamba Wakristo wa karne za kwanza waliteswa na wapagani, kisha Konstantino akaja, wakapumua, na ugomvi wa wao kwa wao ukaja baadaye sana. Ningependa tuitazame upya simulizi hiyo kwa kufuata kisa kimoja, nacho ni cha Wadonato na Wakatoliki katika majimbo ya Kirumi ambayo leo ni Tunisia na Algeria. Pande hizi mbili zilikiri Utatu uleule, zilisoma Maandiko yaleyale na zilikuwa na maaskofu, mashemasi na ibada zilizofanana kiasi kwamba mgeni asingeweza kuzitofautisha. Hata hivyo zilipigana kwa zaidi ya miaka 100. Msimamo wangu ni kwamba chanzo kilikuwa swali la nani alisalimu amri wakati wa mateso, na kwamba swali hilo lilianza kuua watu wengi pale serikali ilipoamua upande wa kuupa fedha na majengo.

Tuanzie Cirta, mji ambao leo unaitwa Constantine, nchini Algeria. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano alikuwa ameamuru nyumba za ibada za Wakristo zibomolewe na Maandiko yao yachomwe. Tarehe 19 Mei mwaka huo, msimamizi wa mji, Munatius Felix, alifika na maofisa wake kwenye nyumba walimokusanyikia Wakristo, akamtaka askofu Paulus atoe vitabu. Tunaijua siku hiyo kwa undani usio wa kawaida kwa sababu karani aliandika kila kitu. Askofu alijibu kwamba vitabu viko kwa wasomaji, yaani watumishi waliosoma Maandiko ibadani, lakini vilivyopo pale watavitoa. Orodha ikaanza: vikombe viwili vya dhahabu, vikombe sita vya fedha, taa saba za fedha, kisha kanzu 82 za wanawake, shela 38, kanzu 16 za wanaume, jozi 13 za viatu vya kiume na jozi 47 za viatu vya kike. Bila shaka nguo na viatu hivyo viliwekwa kwa ajili ya maskini na wajane. Walipofika kwenye makabati ya vitabu waliyakuta matupu. Shemasi mdogo mmoja aitwaye Silvanus alitoa sanduku la fedha na taa ya fedha, akisema amevikuta nyuma ya mtungi, na ofisa mmoja akamwambia kwamba angekuwa maiti kama asingevipata. Baada ya hapo walipita nyumba kwa nyumba za wasomaji wakikusanya vitabu. Naomba msomaji alishike jina la huyo Silvanus, kwa maana litarudi.

Si Cirta peke yake iliyokabidhi. Askofu wa Kartago, Mensurius, alijitetea kwamba aliwapa maofisa vitabu vya wazushi wakadhani ndivyo Maandiko. Wengine walikataa katakata, na miongoni mwao ni Wakristo wa Abitina waliokamatwa mwaka 304 na kufungwa Kartago. Masimulizi yaliyohifadhiwa na Wadonato yanadai kwamba Mensurius alimweka shemasi wake Caecilianus mlangoni mwa gereza na watu wenye mijeledi, wakawapiga ndugu waliowaletea wafungwa chakula na kuwamwagia mbwa chakula hicho. Habari hii imeandikwa na mahasimu wa Caecilianus na siwezi kuiapia. Hata hivyo, watu wengi wa Kartago waliiamini, na hilo linatosha kueleza kilichofuata.

Karibu mwaka 311 Caecilianus huyohuyo alichaguliwa kuwa askofu wa Kartago. Maaskofu wa Numidia, jimbo ambamo Cirta ilikuwamo, ambao kwa desturi walitarajia kushirikishwa, walikuta kazi imekwisha. Wapo pia waliokuwa na visa vya binafsi, mkubwa wao akiwa mwanamke tajiri aitwaye Lucilla, ambaye Caecilianus alikuwa amemkemea hadharani kwa kuubusu mfupa wa shahidi kabla ya kupokea Komunyo. Maaskofu wapatao 70 walikutana Kartago, wakatamka kwamba Caecilianus hakuwa askofu kwa sababu mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, alikuwa amekabidhi vitabu, na badala yake wakamsimika Majorinus, mtu wa nyumbani mwa Lucilla. Majorinus hakudumu, na aliyemrithi ni Donato, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwa kundi zima.

Hadi hapo tuna mgogoro wa uchaguzi, wa aina ambayo Kanisa la kale liliijua sana. Kilichobadilisha mambo ni barua za Konstantino za mwaka 313. Alimpelekea Caecilianus folle 3,000, yaani mifuko ya sarafu, azigawe kwa makasisi wa upande wake, na akawasamehe makasisi hao utumishi wa lazima wa miji, mzigo uliokuwa ukifilisi familia za wenye mali. Kwa siku moja, swali la nani ni askofu wa kweli likawa swali la kodi, la mashamba na la nani anashika funguo za jengo. Upande uliotengwa ulipeleka malalamiko kwa Kaisari ukiomba waamuzi, na jambo hili hupenda kusahauliwa na wanaowatetea Wadonato kama mashujaa wa uhuru wa Kanisa, kwa sababu wao ndio waliotangulia kubisha hodi ikulu. Waamuzi wa Roma mwaka 313, mtaguso wa Arles mwaka 314 na hatimaye Konstantino mwenyewe mwaka 316 wote walimpa haki Caecilianus, na uchunguzi wa serikali ukamsafisha Felix wa Aptunga. Mwaka uliofuata askari walitumwa kuyachukua makanisa ya Wadonato ya Kartago kwa nguvu, na hotuba ya Kidonato iliyosalia inasimulia waumini waliouawa ndani ya kanisa lao. Huu ni miongoni mwa mifano ya kwanza tunayoijua ya serikali inayowaunga mkono Wakristo kutumia silaha dhidi ya Wakristo wengine, na ilitokea miaka minne tu tangu mateso ya wapagani yakomeshwe katika nusu ya mashariki ya dola.

Konstantino alichoka. Mwaka 321 aliacha kuwalazimisha akisema hukumu aachiwe Mungu, na hata Wadonato walipolichukua kanisa alilowajengea Wakatoliki wa Cirta, alichagua kulipia jingine kuliko kupigana.

Sasa turudi kwa Silvanus. Alikuwa amepanda cheo hadi kuwa askofu wa Cirta, na alikuwa miongoni mwa maaskofu wa Numidia waliotamka kwamba Caecilianus si askofu. Mwaka 320 aligombana na shemasi wake, Nundinarius, na shemasi akaenda kwa gavana Zenophilus na nyaraka zote mkononi, pamoja na kumbukumbu za yule karani wa mwaka 303. Zilisomwa mahakamani. Ikabainika kwamba mmoja wa vinara wa kundi lililojitenga kwa sababu ya waliokabidhi alikuwa mwenyewe amekabidhi taa na sanduku. Mashahidi wakaongeza kwamba Lucilla alitoa folle 400 kwa ajili ya maskini, maaskofu wakagawana, na maskini hawakuona kitu. Mtu angetarajia kwamba ufunuo kama huo ungeua harakati nzima, lakini haukupunguza chochote. Kufikia wakati huo watu walikuwa na marehemu wao wa kuwaombolezea, na mtu aliyezika ndugu yake aliyeuawa kanisani habadiliki kwa kusomewa faili la mahakama.

Nitaishia hapa kwa sasa ili wengine wachangie, kisha nitaendelea na miaka ya Macarius, ofisa wa Kaisari, na ya Augustino, askofu Mkatoliki wa Hippo.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo yaliyotulia. Hata hivyo naona umelipita haraka suala la mafundisho. Wadonato walifundisha kwamba sakramenti inayotolewa na kasisi aliyeanguka, yaani aliyesalimu amri wakati wa mateso, ni batili, na kwa hiyo waliwabatiza upya Wakatoliki waliojiunga nao. Je, hilo si suala la imani? Utasemaje basi kwamba ugomvi haukutokana na tofauti ya mafundisho?

Mleta mada:

Swali lako ni la haki kabisa. Tofauti hiyo ilikuwapo na ilikuwa nzito. Ninachokizingatia ni umri wake. Sipriano, askofu wa Kartago aliyekatwa kichwa mwaka 258, alishikilia kwamba ubatizo uliotolewa nje ya Kanisa si ubatizo, na mtaguso wa maaskofu wa Afrika mwaka 256 ulimuunga mkono dhidi ya askofu Stefano wa Roma. Walirushiana maneno makali sana kwa barua, lakini hakuna aliyemtuma askari kwa mwenzake, kwa sababu hakuna aliyekuwa na askari wa kumtuma. Wadonato walijiona warithi wa Sipriano, na katika jambo hili walikuwa na hoja iliyowasumbua Wakatoliki, ambao nao walimheshimu Sipriano kama shahidi wao. Kwa hiyo fundisho lilelile liliishi miaka 50 na zaidi bila kuua mtu, kisha likaanza kuua. Kilichoongezeka katikati ni dola.

Niendelee basi na mwaka 347. Konstanti, mtoto wa Konstantino, aliwatuma Afrika maofisa wawili, Paulus na Macarius, wakiwa na fedha za kuwagawia maskini na makanisa ili kuleta umoja. Donato aliwakatalia kwa swali lililobaki maarufu: "Kaisari ana nini na Kanisa?" Kusini mwa Numidia, askofu mwingine aliyeitwa pia Donato, wa Bagai, aliwaita wapiganaji wa vijijini na kuligeuza kanisa lake kuwa ghala la chakula cha kuwatosha. Askari walikuja, na watu wengi pamoja na askofu huyo wakauawa. Maaskofu wa Kidonato waliokwenda kuzungumza na Macarius walichapwa mijeledi, na mmoja wao, Marculus, alichukuliwa hadi mahali paitwapo Nova Petra akafia chini ya jabali. Wadonato walisema alisukumwa na askari, Wakatoliki wakasema alijirusha mwenyewe. Kaburi lake likawa mahali pa hija, na "nyakati za Macarius" zikabaki mdomoni mwa watoto na wajukuu kama jina la msiba.

Miaka 15 baadaye zamu iligeuka. Kaisari Juliano, ambaye alikuwa ameuacha Ukristo, aliwaruhusu Wadonato waliokuwa uhamishoni warudi na kudai makanisa yao. Optatus wa Milevi, mwandishi Mkatoliki, anasimulia kwamba huko Lemellef walipanda juu ya paa la kanisa lililofungwa, wakavunja vigae na kuwavurumishia waliokuwa ndani wakiilinda altare, na mashemasi wawili wakafa. Anaeleza pia namna altare zilivyovunjwa au kukwanguliwa, kuta zikaoshwa kama nyumba iliyoingiwa na unajisi, na Ekaristi ikatupiwa mbwa. Ni yaleyale ya mlangoni mwa gereza la Kartago, sasa yanasimuliwa na upande wa pili.

Mchangiaji wa pili:

Naomba ufafanuzi kuhusu hao wapiganaji wa vijijini, wale waitwao sirkumselioni. Nimesoma mahali kwamba walikuwa wakulima maskini walioasi dhidi ya makabaila wa Kirumi, na kwamba dini ilikuwa kisingizio tu. Una maoni gani?

Mleta mada:

Nina shaka na neno "kisingizio". Wengi wao wanaelekea kuwa vibarua wa msimu waliozunguka kwenye mashamba ya mizeituni na nafaka, wakilala karibu na makaburi na makanisa madogo ya mashahidi. Optatus anataja viongozi wawili wa miaka ya 340, Axido na Fasir, waliojiita "viongozi wa watakatifu". Kwa amri yao mdai alilazimika kuifuta hati ya deni, na bwana aliyekutwa njiani amepanda gari alishushwa, watumwa wake wakapandishwa, naye akakimbizwa mbele ya gari lake mwenyewe. Jambo hilo liliwatisha hata maaskofu wa Kidonato, ambao wengi wao walikuwa na mashamba, na wao wenyewe wakaomba jeshi la serikali liingilie. Kwa hiyo hasira ya kitabaka ilikuwapo waziwazi.

Lakini watu hao hao walijiita wapiganaji wa Kristo, marungu yao waliyaita "Israeli", na mwanzoni hawakubeba upanga kwa sababu Yesu alimwamuru Petro aurudishe upanga wake alani. Ukelele wao wa "Mungu asifiwe" uliogopwa, kwa maneno ya Augustino, kuliko ngurumo ya simba. Wengine walijirusha majabalini wakitafuta kifo cha shahidi. Mtu anayetafuta kufutiwa deni pekee hana sababu ya kujirusha jabalini. Nadhani kwa kibarua yule, bwana shamba Mkatoliki, mkusanya kodi na askofu anayelindwa na askari walikuwa adui mmoja, na hakuona haja ya kuwatenga.

Mbinu zao zilizidi kuwa mbaya. Mwanzoni mwa karne ya 5 tunasikia makasisi Wakatoliki wakimwagiwa machoni chokaa iliyochanganywa na siki. Askofu Maximianus wa Bagai, aliyekuwa ameshinda kesi ya kurudishiwa kanisa moja, alivamiwa ndani ya kanisa hilo, akapigwa kwa mbao za altare iliyovunjiwa juu yake, akachomwa kisu, akaburutwa, na usiku akatupwa kutoka juu ya mnara. Aliangukia kwenye lundo la samadi, akaokotwa na maskini aliyepita, akapona. Kisha alivuka bahari akayaonyesha makovu yake kwa Kaisari Honorius, na makovu hayo yalichangia kuleta amri ya umoja ya mwaka 405 iliyowatangaza Wadonato kuwa wazushi. Augustino mwenyewe alinusurika kuviziwa kwa sababu kiongozi wake wa safari alikosea njia.

Mchangiaji wa tatu:

Kwa heshima zote, naona kama unawaweka Wakatoliki na Wadonato katika mizani moja. Augustino alitaka mazungumzo. Aliandika barua, aliwaalika kwenye mdahalo, na aliwaombea msamaha hata wauaji. Kama kanisa linavunjiwa mlango na makasisi wanapofushwa, askofu afanye nini zaidi ya kuomba ulinzi wa sheria?

Mleta mada:

Unalosema kuhusu Augustino ni kweli, na ningeongeza ushahidi. Watu wa upande wa Kidonato walipomuua kasisi Restitutus na kumng'oa jicho na kumkata kidole mwenzake Innocentius, Augustino alimwandikia ofisa Marcellinus akimsihi asiwalipize wahalifu kwa jicho kwa jicho wala kwa kifo. Barua hiyo ni ya mtu aliyetaka kweli damu ikome. Barua hiyohiyo inamsifu Marcellinus kwa kupata maungamo kwa viboko badala ya moto na vyombo vya kunyoosha viungo. Nami naiheshimu huruma yake huku nikiona mpaka ulipowekwa.

Ulinzi dhidi ya wavamizi ni jambo moja, na kumlazimisha mtu asiye mvamizi abadili kanisa ni jambo jingine kabisa. Augustino alilijua hilo, kwa sababu mwanzoni alipinga matumizi ya nguvu. Katika barua yake kwa Vincentius anakiri kwamba alibadilishwa na mifano, wa kwanza ukiwa mji wake wa kuzaliwa, Thagaste, ambao ulikuwa wa Kidonato ukageuka kwa hofu ya sheria za Kaisari. Ndipo akalitumia neno la Luka 14:23, "ukawashurutishe kuingia ndani", ambalo katika mfano wa Yesu linahusu karamu na maskini wa barabarani. Hapa ndipo ninapotofautiana naye. Ushahidi wa kwamba hofu imefaulu hutolewa na wale waliobaki wakizungumza, na mtu aliyeingia kanisani kwa kuogopa faini hana sababu ya kumwambia askofu ukweli.

Tazama pia ule mdahalo wenyewe. Ulifanyika Kartago, Juni 411, mbele ya Marcellinus, ukiwa na maaskofu 286 wa Kikatoliki na karibu idadi hiyohiyo ya Wadonato. Wadonato walikataa kuketi pamoja na wale waliowaona waovu, na Marcellinus naye akasimama kwa adabu. Walidai kila sahihi ihakikishwe kwa mwenyewe kujitokeza, na wakati wa kuita majina, askofu mmoja wa mji alipoitika, hasimu wake wa mji uleule aliitwa amtambue. Karibu kila mji ulikuwa na wawili. Kwa namna hiyo tunaona mgawanyiko ulivyoingia hadi jikoni: huko Hippo, kabla Augustino hajawa askofu, askofu wa Kidonato Faustinus aliwahi kuwakataza waokaji wasiwaokee Wakatoliki mkate. Sahihi moja ya Kidonato ilipohojiwa, ikajulikana kwamba mwenye nayo alikuwa amefia njiani. Mdahalo ulikuwa wa wazi na uliandikwa kwa hati mkato neno kwa neno, lakini hakimu alikuwa ofisa wa Kaisari ambaye amri yake ya uteuzi ilikwisha kusema kwamba lengo ni kuuondoa Udonato.

Sheria ya Januari 412 iliyofuata inaonyesha vizuri kuliko hotuba yoyote umoja huo ulitafutwa vipi. Mtu wa cheo cha juu kabisa aliyebaki Mdonato alitozwa ratili 50 za dhahabu, diwani wa mji ratili 5 za dhahabu, na sirkumselioni ratili 10 za fedha, ambayo ni ajabu kidogo, kwa sababu inaonyesha serikali iliwaona kama tabaka linalotozeka. Watumwa na wakulima waliofungamana na ardhi hawakuwa na cha kutozwa, hivyo walipaswa kuchapwa. Hakuna hata mmoja wa hao aliyetakiwa awe amemwagia mtu chokaa machoni. Kosa lilikuwa ni kubaki walipokuwa.

Mchangiaji wa kwanza:

Je, sheria hizo zilifaulu kuwamaliza?

Mleta mada:

Ziliwapunguza sana mijini, na makanisa mengi yalibadili mikono. Marcellinus hakuyaona matunda yake, kwani aliuawa mwaka 413 kwa tuhuma za kisiasa. Karibu mwaka 420 askofu Gaudentius wa Thamugadi, mji ambao leo ni magofu ya Timgad, alijifungia na waumini wake katika kanisa lao kubwa na kumtangazia ofisa Dulcitius kwamba wangejichoma moto humo kuliko kulitoa. Augustino alimjibu kwa vitabu viwili akipinga kwamba kujiua ni ushahidi wa imani. Mwaka 429 Wavandali, kabila la Kijerumani, walivuka kutoka Hispania, na Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430 Hippo ikiwa imezingirwa. Watawala hao wapya walikuwa Waario, Wakristo waliokana kwamba Mwana ni sawa na Baba, nao wakazitumia baadhi ya sheria zilizotungwa dhidi ya Wadonato kuwabana Wakatoliki. Wadonato wenyewe hawakuisha, kwa maana miaka ya 590 Papa Gregorio wa Kwanza alikuwa bado anaandika barua kwenda Afrika akilalamika kwamba huko Numidia wanawabatiza watu upya, na kwamba baadhi ya maaskofu Wakatoliki wanawaachia wafanye hivyo kwa kupokea fedha.